Ile Saksofoni Unaijua, Lakini Nani Aliipuliza?

Wasee, wacha nianze kwa kuungama. Kila nikitaka kuchekesha watu kwa video, naweka ile saksofoni ya "Careless Whisper". Sekunde tano tu, watu wanacheka, tunaendelea. Juzi mathe akaniuliza, "Huyo anayepuliza ni nani?" Nikajibu haraka, "George Michael." Akaniambia, "Huyo ni wa kuimba. Mimi nimeuliza anayepuliza." Nikanyamaza.

Nikaenda kutafuta. Anaitwa Steve Gregory. Wimbo ulitoka 1984, ukashika namba moja Uingereza na baadaye Marekani. George Michael alikuwa mgumu kuridhika: wapulizaji kadhaa waliitwa studio London, wakajaribu, wakarudishwa nyumbani. Gregory naye alifika na saksofoni ya zamani, haina kitufe cha ile noti ya juu kabisa. Fundi wa studio akapunguza mwendo wa tepu, muziki ukashuka nusu toni, Gregory akapuliza hapo chini, kisha tepu ikarudishwa mwendo wake. Kwa hivyo unachosikia kiko juu kidogo kuliko vile alivyopuliza.

Rudi nyuma miaka sita, 1978. Gerry Rafferty wa Scotland anatoa "Baker Street". Pale unapongoja kiitikio, hakuna wa kuimba, ni saksofoni inaingia. Aliyepuliza ni Raphael Ravenscroft. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba alilipwa pauni 27, na hiyo cheki ikabaunsi. Miaka mingi baadaye alisema akiisikia inamkera, kwa sababu anaona haikukaa kwa tuni sawasawa.

Lakini mimi kilichoniuma ni kingine. Huko Uingereza ulienea uvumi kwamba aliyepuliza ni Bob Holness, mtangazaji wa kipindi cha maswali kwa TV. Ulianza kama utani tu, watu wakaamini kabisa. Ravenscroft alikufa 2014, na bado kuna wanaoamini hiyo stori. Mtu anapuliza kitu dunia nzima inakikumbuka, halafu sifa zinaenda kwa mtangazaji!

Kwani inakuwaje hivyo? Ni mambo ya haki. Pesa za wimbo zinazoingia miaka na miaka ni za aliyeutunga. Mpulizaji aliyekodiwa kwa siku moja kwa kawaida analipwa ya siku, anafunga mkoba wake, anaenda. Hata kama bila yeye wimbo ungekuwa nusu.

Sasa mlinganishe na Manu Dibango wa Cameroon. Yeye alipuliza saksofoni na pia akatunga. "Soul Makossa" ya 1972 ilikuwa upande wa pili wa sahani ya wimbo wa Kombe la Afrika, lililochezwa kwao mwaka huo. Madijei wa New York wakaipenda, ikavuma. Michael Jackson alipotumia yale maneno ya "makossa" kwenye albamu ya Thriller, 1982, bila ruhusa, Dibango alidai haki yake, na wakamalizana kwa malipo nje ya korti. Aliweza kwa sababu jina lake lilikuwa kwenye karatasi. Gregory na Ravenscroft walikuwa na pumzi zao tu.

Na tusicheke Waingereza. Les Mangelepa walianza hapa hapa Nairobi 1976, na zile saksofoni zao bado zinapigwa kwa sherehe zetu. Taja mpulizaji mmoja. Mimi nimeshindwa, na nimezicheza harusi ngapi?

Msimamo wangu ni huu: sisi tunaoishi kwa kutumia sauti za watu hatuna kisingizio. Tunalia kila siku video zetu zikiibwa bila jina, na sisi tunafanya vivyo hivyo. Kuanzia leo, nikiweka solo ya mtu, jina lake liko chini ya video. Nimeanza na Steve Gregory. Na mathe nimemwambia.