Usomaji Mshazari

Istilahi "usomaji wa kishoga" imekosewa tangu mzizi wake, na inanikera kuiona ikizidi kupenya katika tasnifu na makongamano pasipo mtu kuihoji. Imeletwa iwe kisawe cha kile ambacho wahakiki wanaoandika Kiingereza hukiita queer reading. Wasomaji wa makala za istilahi hawahitaji kufundishwa dhana yenyewe. Inatosha kukumbusha kwamba inahusu jicho la msomaji anayetambua matamanio ambayo usomaji wa kawaida huyapita, si mwenendo wa mtu yeyote. Hapo ndipo kisawe chetu kilipopotea: kimeacha jicho, kikamtaja mtu.

Nichukue mfano ambao vijana wa kwetu Mkongo, Rufiji, wanaujua kuliko wahakiki wengi wa mjini, maana kurasa zake wanazo kwenye simu. Berserk ya Kentaro Miura ilianza kuchapishwa Japani mwaka 1989. Miura alifariki Mei 2021, na sasa kazi inaendelezwa na studio yake chini ya usimamizi wa Kouji Mori, rafiki yake tangu sekondari. Ni manga ya giza, yenye mashetani, vita na mikono iliyokatwa. (Kwa Kiswahili Manga ni Uarabuni, hasa upande wa Omani, ndiyo tukapata pilipili manga, komamanga na Wamanga. Neno la Kijapani limegongana nalo kwa sauti tu, na limeshakaa. Sina ugomvi nalo.) Lakini chini ya damu yote ile kuna wanaume wawili, Guts na Griffith, na hakuna kinachotokea katika kisa chote ambacho hakirudi kwao.

Griffith ni kamanda wa Kikosi cha Mwewe. Anampata Guts kwa kumshinda kwa upanga, na tangu siku hiyo anamhesabu kuwa wake. Miaka inapita, wanashinda vita baada ya vita, kisha usiku mmoja Guts anamsikia kamanda wake akimweleza binti mfalme, Charlotte, kwamba rafiki wa kweli ni yule mwenye ndoto yake mwenyewe, si anayefuata ndoto ya mwingine. Guts anayameza maneno hayo. Anaamua kuondoka kikosini ili siku moja astahili kuitwa rafiki. Griffith haoni hilo, anaona anaachwa. Wanakutana kwenye kilima chenye theluji, na Griffith anachomoa upanga kumzuia. Upanga wa Guts unauvunja wa Griffith na kusimama juu ya bega lake, bila kumkata. Guts anaondoka. Griffith anabaki amepiga magoti kwenye theluji, na Miura anatuonyesha uso ambao umepotewa na kila kitu. Usiku huohuo Griffith anapanda chumbani kwa Charlotte, na hata akiwa kitandani na binti mfalme, mawazo yake yako kwa yule aliyeondoka. Kwa kosa la usiku huo anafungwa mwaka mzima mnarani akiteswa, na kutoka mnarani kisa kinashuka hadi siku ya kupatwa kwa jua, ambapo anakitoa kikosi chake chote kafara.

Mpwa wangu alipofika kwenye kurasa hizo aliniambia, "Mjomba, hii siyo husuda. Huu ni wivu." Nilimwambia arudie. Hasidi hutaka kitu cha mwenzake kiondoke; mwenye wivu hulinda anachokiona kuwa chake. Husuda inawafaa washindani, na wivu tumezoea kuuweka kati ya wapendanao. Kijana yule alikuwa ameshafanya uhakiki ambao mwanazuoni Eve Kosofsky Sedgwick aliujengea hoja mwaka 1985 katika kitabu chake Between Men: kwamba wanaume wawili wanapomgombea mwanamke mmoja, kamba iliyo kati ya wale wawili huwa na nguvu sawa na ile inayomfunga kila mmoja wao kwa mwanamke, na pengine kuizidi. Wala mpwa wangu hakumwita Griffith jina lolote. Alitazama tu kutoka pembeni akaona kilichopo.

Na kipo. Miura aliikiri Guin Saga ya Kaoru Kurimoto kuwa miongoni mwa kazi zilizomlea, na Kurimoto huyo alikuwa mmoja wa waandishi wakuu wa June, jarida lililoanza mwaka 1978 likichapisha hadithi za mapenzi baina ya wavulana. Msomaji anayeona jambo kati ya Guts na Griffith hajalizua. Ameufuata uzi ulioachwa wazi na fundi mwenyewe.

Sasa tuwarudie watunzi wa istilahi. "Shoga" ni neno la urafiki. Hadi leo wanawake wa pwani huitana hivyo mchana kweupe, na hakuna anayegeuka kushangaa. Neno hilohilo likatwaliwa kuwatajia wanaume wanaopenda wanaume, na mara nyingi kuwatukania. Anayetuambia tusome "kishoga" ametuwekea tusi mlangoni kabla hatujafungua kitabu. Na tukumbuke tuko wapi: katika nchi ambayo kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinaweza kumfunga mtu maisha, istilahi inayoanza kwa kumtaja mtu husikika kama shitaka. Mwanafunzi anayetaka kuandika juu ya Griffith ataogopa jalada la tasnifu yake mwenyewe. Nimeshuhudia mmoja akibadili mada kwa sababu hiyo, na lililompoteza lilikuwa neno, maana dhana aliimudu vizuri.

Wapo waliokimbilia kutohoa tu, wakatuletea "usomaji wa kikwia". Hao nawaheshimu kwa kuwa hawakutukana mtu, lakini ganda walilotupa halina kitu ndani. Wengine, wenye vyeo kuliko maarifa, walipendekeza "usomaji wa ukengeufu". Kukengeuka ni kuiacha njia iliyonyooka, kwa hiyo anayelitumia neno hilo amekwisha kutoa hukumu kwamba njia iliyonyooka ni moja na yeye anaijua. Mpinzani wangu wa siku nyingi, ambaye Kiswahili chake ni kizuri na simnyimi sifa hiyo, anashikilia "upogo". Amekaribia. Lakini upogo ni ila ya jicho. Mwenye upogo anastahili miwani. Msomaji ninayemtetea haoni vibaya.

Mimi nasema "mshazari", na nimelisema muda mrefu. Neno la Kiingereza lenyewe, queer, limeonekana katika maandishi ya Uskoti tangu mwanzoni mwa karne ya 16, na wanaisimu wengi hulinasibisha na quer la Kijerumani, yaani kukaa upande, kukingama. Baadaye likawa la mtu wa ajabu, kisha tusi, hadi wanazuoni walipolitwaa. Teresa de Lauretis ndiye aliyelipa jina la nadharia mwaka 1990. Chini ya tabaka zote hizo bado umelala ule mstari uliokaa upande. Na mstari uliokaa upande, kwa Kiswahili, ni mshazari. Hatuhitaji kukopa wala kubuni. Tunalo.

Tena tunalo lenye nasaba. Kiarabu kina mzizi wa sh-z-r: kutazama shazran ni kumtazama mtu kwa pembe ya jicho, aghalabu kwa chuki au kwa moyo usiotulia. Mzizi huohuo hutumika kwa kamba iliyosokotwa kuelekea kushoto, kinyume cha usokotaji wa kawaida. Sauti na maana vinaafikiana na mshazari wetu kiasi kwamba sina shaka ni ndugu. Na tazama mali iliyomo: mstari wa upande, jicho la pembeni, uadui uliochanganyika na kutoweza kuondoa macho, kamba iliyosokotwa kinyume. Uhusiano wote wa Guts na Griffith umo ndani ya neno moja ambalo watunzi wa istilahi walikuwa nalo kamusini muda wote.

Niliwaandikia wanakamati wa chombo kimoja nikaeleza haya yote kwa utaratibu. Jibu lilikuja, baada ya kusubiri sana, kwamba neno ni la kihisabati mno. Jibu hilo lilinidhalilisha, na nalijibu hapa. Kwetu Rufiji mshazari haukutoka shuleni. Mama zetu hukausha ukindu, huuchana, huutia rangi na kusuka ukili mrefu, kisha huziunga kili kwa sindano mpaka mkeka utimie. Mtu akichukua ukili na kuutazama kwa karibu ataona kwamba hakuna chane hata moja inayofuata ukingo. Zote zinakwenda mshazari. Zikifika pembeni zinakunjwa na kurudi mshazari upande wa pili. Anayepitisha jicho kando ya ukingo ataona ukanda ulionyooka, basi. Anayefuata chane moja, kwa mwendo wake wa upande, ndiye anayeona jinsi ua jekundu lilivyotokea. Ua halikufichwa, na huyo hakulitia yeye.

Ndiyo maana sikubali pia "usomaji wa mafumbo", ambao jarida moja lilijaribu kuutia mahali pa wangu bila hata kunitaja. Fumbo lina mfumbaji aliyekusudia, na lina mfumbuzi anayengojewa. Miura huenda alikusudia, huenda hakukusudia. Theluji, upanga uliovunjika na magoti yale yapo kwenye ukurasa vyovyote iwavyo. Wala "usomaji wa undugu wa kuchanjiana" hautoshi, ingawa mila hiyo ya watu wawili kuchanjana na kuonjana damu ni ya kwetu na ina uzito wake. Ndugu wa kuchanjiana wameapa mbele ya mashahidi. Guts na Griffith hawakuwahi kuapa lolote, na msiba wao ulianzia hapo.

Kuhusu matumizi: usomaji mshazari, msomaji mshazari, wasomaji mshazari, neno halibadiliki kwa ngeli. Kitenzi kibaki kuwa kusoma mshazari, na wale wanaopenda kunyambua kila kitu wasituletee "kushazarisha".