Ndege Nyuki Katika Nchi ya Asali

Kiswahili hakikuhangaika sana kilipotakiwa kukipa jina kile chombo kidogo kirukacho bila ya rubani, chenye mapanga manne na mvumo usiokatika. Wako wasemao "droni", na neno hilo limekwishapata uraia. Lakini katika magazeti ya Tanzania, na vinywani mwa maafisa wa kilimo na wa wanyamapori, limeshika jina jingine: "ndege nyuki". Ni jina lililozaliwa sikioni. Chombo kilisikika kikivuma, kikaitwa kwa mvumo wake. Sarufi nayo ikafanya kazi yake ya siku zote: ndege mwenye manyoya ni "huyu", ndege ya kutengenezwa ni "hii", na kwa kiambishi kimoja tu msikilizaji hujua ni yupi mwenye roho. Tofauti hiyo yafaa kukumbukwa, kwani katika wilaya za Mbulu na Hanang na nchi zinazopakana nazo, mkoani Manyara, huyu na hii wote wawili huongozwa na binadamu aliye chini, na wote wawili habari yao ni nyuki.

Kwa mtu wa visiwani, kukiongoza kitu kilicho angani si jambo geni. Mtoto aliyepata kurusha tiara ufukweni wakati wa kaskazi anajua namna uzi unavyopeleka matakwa ya mkono hadi juu, na namna unavyorejesha habari za upepo hadi mkononi. Wa bara ana gari lake la waya, lenye usukani juu ya fimbo ndefu, analoliendesha huku akikimbia nyuma yake. Hamu ni moja: kitu kiwe kule, na amri iwe hapa.

Uzi ulikatwa mwaka 1898. Katika ukumbi wa Madison Square Garden, mjini New York, Nikola Tesla alionyesha mashua ndogo iliyogeuka na kuwasha taa zake kwa amri ya mawimbi ya redio, bila ya waya wala kamba. Wanajeshi ndio waliolitia jambo hili mbawa. Mwaka 1935 Waingereza walianza kurusha ndege iliyoongozwa kwa redio ili mizinga yao ipate shabaha ya kujifunzia, wakaiita Queen Bee, yaani Malkia wa Nyuki. Inasimuliwa kwamba Wamarekani, walipounda za kwao, waliona adabu kutomfuata malkia kwa jina lake. Wakachagua "drone", dume la nyuki. Dume huyo hana mwiba wala hakusanyi asali. (Neno "mzinga" kwa Kiswahili hubeba asali na baruti pamoja, na hapa yote mawili yamekutana pasipo mtu kukusudia.)

Baada ya wanajeshi wakaja wapenzi wa michezo. Kadiri vyombo vya redio vilivyokuwa vidogo na rahisi, watu wa kawaida huko Ulaya, Marekani na Japani walijiundia vijidege na kwenda kuvirusha viwanjani siku za mapumziko. Mmoja wa waliokua na mapenzi hayo ni Wang Tao wa China, ambaye mwaka 2006 alianzisha kampuni ya DJI mjini Shenzhen. Mwaka 2010 kampuni ya Kifaransa ya Parrot ilikuwa imeuza AR.Drone, kitu cha kuchezea kilichoongozwa kwa simu ya mkononi. Na mwaka 2013 DJI ikatoa Phantom, iliyoweza kusimama angani kwa utulivu hata mikononi mwa asiye fundi. Wasomaji wa visiwani wanaijua jamaa yake nyingine: mwaka 2016, Kamisheni ya Ardhi pamoja na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walianza kuipima Unguja na Pemba kwa vijidege vyepesi vya sponji ngumu, ili kuchora ramani mpya ya visiwa vyote.

Kilichotokea bara, hata hivyo, hakikupangwa na mtu. Katika nyika za Mara nchini Kenya, mnamo mwaka 2013, Marc Goss wa Mara Elephant Project alinunua AR.Drone chache, kila moja kwa kiasi cha dola 300 za Marekani, akitaka zimsaidie kujua tembo wako wapi. Alichokiona ni tembo kukimbia. Kitu cha kuchezea, kisichozidi sinia kwa ukubwa, kilimkimbiza mnyama mkubwa kuliko wote wa nchi kavu. Goss alidhani kwamba wamekisikia kama bumba la nyuki.

Dhana hiyo ilikuwa na nasaba. Ziwa Manyara limelala chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, na juu ya ukingo huo ndiko iliko miinuko ya Mbulu. Hapo ziwani, katika miaka ya 1960, Iain Douglas-Hamilton aliwachunguza tembo mmoja mmoja kwa sura na tabia zao. Miongo kadhaa baadaye yeye na wenzake, akiwemo Lucy King, walijaribu jambo ambalo warina asali wa Kenya walilisimulia kabla yao: kwamba tembo humwogopa nyuki. Mwaka 2007 walichapisha matokeo. Tembo waliokuwa wakipumzika vivulini walisikilizishwa sauti za nyuki waliochokozwa, na karibu familia zote ziliondoka kabla ya dakika moja na nusu kupita. Ngozi ya tembo ni nene, lakini nyuki haumii hapo. Huuma kandokando ya macho na ndani ya mkonga.

Basi chombo kikavuka mpaka. Katika ardhi iliyo baina ya Hifadhi ya Tarangire na Ziwa Manyara, mashariki ya miinuko ya Mbulu, na vilevile katika nchi ya Serengeti, askari wa wanyamapori walifundishwa kurusha ndege nyuki za aina ya Phantom. Utafiti huo, ulioshirikisha Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania, ulichapishwa mwaka 2017: katika majaribio 51, tembo waliondolewa mara zote.

Thamani ya habari hiyo huijua mkulima wa kijiji kinachopakana na hifadhi. Mahindi yakishakomaa, hulala shambani kwa mwezi mzima ama zaidi, amejifunika blanketi, masikio yakiwa kwenye giza. Tembo haji kwa kishindo. Sauti ya kwanza aghalabu ni ya bua linalovunjika, na ikisikika hiyo tayari amekwishaingia. Silaha za mkulima tangu zamani ni debe la kugongwa, kijinga cha moto na makelele ya watu. Wako waliouawa wakiyalinda mahindi yao, na wako tembo waliochomwa mikuki kwa kulipiza. Katika hali hiyo, mtu aliyesimama salama mbali na kundi, na kwa vidole viwili akaweza kuligeuza na kulirudisha hifadhini, amefanya jambo kubwa.

Lakini haifai kuisifu ndege nyuki kupita kadiri. Betri yake haikai angani zaidi ya dakika ishirini na kitu. Mvua huikataa na upepo mkali huipeleka itakako. Kuirusha kunahitaji usajili na kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga, jambo la haki kabisa, ila maana yake ni kwamba kiongozeo kipo mikononi mwa askari wa wanyamapori na si mwa mwenye shamba, ambaye usiku huohuo huenda anamngoja askari huyo kutoka kijiji cha pili. Ndiyo sababu asasi ya Honeyguide, inayofanya kazi katika nchi hizo za Tarangire, iliwapa wanakijiji zana za bei nafuu zitumikazo kwa hatua: tochi kali, kisha honi, kisha unga wa pilipili, kisha fataki. Zaidi ya hayo, tembo hujifunza. Mwaka 2025 watafiti wa Save the Elephants, waliofanya kazi kaskazini mwa Kenya, walieleza kwamba chombo kikirushwa juu na kwa utulivu baadhi ya tembo hawashituki, na wale waliostuka mwanzoni hupunguza hofu kadiri wanavyokizoea. Dume la nyuki hana mwiba, na asiyeuma hujulikana mwishowe.

Jina la asasi hiyo, Honeyguide, ni jina la ndege. Ni ndege mdogo mwenye rangi ya kijivu, asiyependeza sana kwa macho, ambaye wanasayansi humwita Indicator indicator, na kazi yake ni kuwaonyesha watu mahali penye asali. Kumtafuta hapana budi kuyavuka mashamba ya Wairaqw juu ya miinuko ya Mbulu na kuteremka upande wa pili, magharibi, hadi bonde la Yaeda na vilima vinavyoelekea Ziwa Eyasi, katika nchi ya Wahadzabe. Asali ndiyo lugha ya eneo zima. Kwa Wabarbaig wa Hanang, walio chini ya mlima wenye kimo cha mita 3,420, pombe ya asali ndiyo ya baraka za wazee. Kwa Wahadzabe asali ni chakula chenyewe. Mwindaji hupiga mluzi akiwa matembezini. Ndege husikia, huja, huita kwa sauti ya kukereketa, huruka mti kwa mti na kungoja. Wakifika kwenye mbuyu wenye nyuki, mtu hupigilia vigingi vya mti shinani, hupanda na kijinga cha moshi, na hutoa asali. Ndege hutaka nta na majana.

Habari hii ilifika pwani zamani. Mmisionari wa Kireno, João dos Santos, aliyekaa Sofala mwishoni mwa karne ya 16, alimwona ndege aliyeingia kanisani kula mishumaa ya nta, akaandika pia jinsi anavyowaongoza watu kwenye asali. Kitabu chake kilitoka mwaka 1609. Wasomi walichelewa kuipima habari hiyo. Mwaka 2014 Brian Wood na wenzake walionyesha kwamba Mhadzabe anayeongozwa na ndege hupata mizinga ya mwituni kwa kasi zaidi ya mara tano kuliko anayetafuta peke yake. Mwaka 2023 Wood na Claire Spottiswoode wakaleta jambo la kustaajabisha zaidi. Walipopiga kanda za sauti katika vilima vya Kidero, ndege wa huko waliuitikia mluzi wa Wahadzabe zaidi ya mara tatu kuliko walivyouitikia mwito wa Wayao wa Msumbiji. Na ndege wa Msumbiji walimpendelea Myao wao. Hakuna aliyewafuga ndege hao, wala hawakufundishwa na wazazi wao, kwani mama hutaga katika viota vya ndege wengine na kuondoka. Kila kizazi hujifunza upya kutoka kwa watu.

Hapo ndipo penye hatari yake. Katika sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki ambako sukari ya dukani imechukua nafasi ya asali, na mzinga wa kufugia nafasi ya mbuyu, ndege huyu yupo lakini haongozi tena. Wahadzabe, ambao idadi yao ni kama elfu moja na mia tatu, mwaka 2011 walipata hati za kimila za ardhi yao, zaidi ya hekta 20,000 za Yaeda, na kwa hati hizo mibuyu ingali imesimama.

Na usidhani kwamba mluzi huo ni urafiki mtupu. Wood aliona kuwa Wahadzabe mara nyingi hawamwachii ndege kitu: masega yaliyosalia huyafukia, huyaficha au huyachoma moto, wakijua kwamba aliyeshiba haiti. Ndege hubaki juu ya tawi mpaka moshi utulie na watu waondoke, akateremka kudonoa vijisehemu vya nta vilivyosahaulika majanini, kisha akaruka na njaa yake kwenda kumtafuta mwengine wa kumwita.