Fundi wa Ngoma Katika Picha Nyeusi na Nyeupe

Kabla ya kulia, ngoma hupita mikononi mwa mchongaji. Nchini Burundi mti wake huitwa umuvugangoma, yaani mti uifanyao ngoma iseme. Gogo hukatwa, huchongwa, kisha hukombwa ndani hata likawa mzinga. Ndipo huwambwa ngozi ya ng'ombe na kukazwa kwa vigingi vya mti. Kazi hiyo haikuwa ya useremala tu, kwani neno ingoma katika Kirundi lina maana mbili: ngoma na ufalme.

Wageni waliofika na kamera waliipiga picha nchi hiyo mapema. Mwanajiografia Mjerumani Hans Meyer alizuru Burundi mwaka 1911, na kitabu chake juu ya Warundi kilichapishwa Leipzig mwaka 1916. Baadaye, mwaka 1955, yakaanzishwa Makumbusho ya Taifa mjini Gitega, ambamo zimo picha nyeusi na nyeupe za zama za wafalme. Si mbali na mji huo ipo Gishora, mahali maarufu pa ngoma za kifalme.

Picha isiyo na rangi ina faida yake. Mwanga na kivuli huonyesha wazi alama za tezo juu ya mti, mpangilio wa vigingi na umbo la mzinga. Hata hivyo, inaficha mengi. Mabamba ya picha ya zama zile kwa kawaida hayakuhisi wekundu, hivyo kitu chekundu kilitokea cheusi. Tena, maandishi chini ya picha mara nyingi yalitaja kabila, yakaacha jina la fundi na la chombo alichoshika.

Ufalme ulikoma mwaka 1966. Mwaka 2014 UNESCO iliuandikisha mchezo wa ngoma ya kifalme ya Burundi kuwa urithi wa wanadamu. Mchezaji ametunzwa, je, msamiati wa mchongaji?

Hapo ndipo mwalimu ana wajibu. Huko Muyinga, karibu na mpaka wa Tanzania, Kirundi na Kiswahili hukutana sokoni. Mwalimu na awawekee wanafunzi picha moja, wataje kila kitu kwa lugha zote mbili: tezo, mzinga, kigingi, kuwamba. Wasilolijua wakamwulize mzee aliyewahi kuchonga, na jina lake liandikwe pamoja na jibu lake.