Tawadha, Tohara, Kabidhi: Maneno Yaliyopanda Reli Hadi Kisumu



Ndugu msomaji, hebu tuanzie bombani. Zimebaki dakika chache Magharibi iingie, tende ziko kwenye sinia, na foleni ya udhu imefika mlangoni. Sikiliza watu wanavyosema. Mzee mwenye asili ya Mombasa anasema, "Naenda kutawadha." Mama aliyelelewa Mumias anasema, "Ngoja nitie udhu." Kijana wa Manyatta naye, "Wacha nichukue udhu." Na hapo pembeni kuna mtoto wa shule, daftari la Kiarabu liko mkononi, anauliza ile 'take' na ile 'wash' anazosoma kwa Kiingereza zinaitwaje kwa Kiarabu.

Mtoto alijibiwa haraka haraka: kuchukua ni akhadha, kuosha ni ghasala. Jibu ni sahihi, lakini limepita juu juu. Nyuma ya maneno hayo mawili kuna historia ya mji wetu, na kuna kosa moja ambalo limewaumiza baadhi ya ndugu zetu waliosilimu. Ndiyo sababu nimeomba nafasi katika toleo hili la Ramadhan.

Tuanze na kuosha. Sisi Waswahili tuna maneno mengi kuliko Waarabu hapa. Vyombo tunaosha, nguo tunafua, mikono tunanawa, mwili tunaoga, na msalani tunachamba. (Najua, hapa Kisumu tunaosha kila kitu, hata nguo na mikono. Watu wa pwani wanatucheka, basi wacheke.) Maneno hayo yote ni ya Kibantu, yalikuwepo kabla mtu yeyote wa pwani hajajua alifu wala bee. Mwarabu anatumia ghasala kwa sahani, kwa kanzu, kwa mikono na kwa maiti. Akijiosha mwenyewe mwili mzima, husema ightasala, na hapo ndipo tulipopata josho letu la ghusli.

Sasa angalia jambo la ajabu kidogo. Wazee wetu wa pwani hawakulichukua ghasala kuwa kitenzi cha kila siku, kwa sababu hawakulihitaji. Walichukua lile ambalo hawakuwa nalo: tawadhaa, ambalo kwetu limekuwa kutawadha. Asili yake kwa Kiarabu inahusu uzuri na mng'ao wa uso. Udhu, au wudhu, ni kile kitendo chenyewe. Ukitia fat-ha pale mwanzo ukasema wadhuu, unazungumzia maji ya kutawadhia. Halafu, jambo ambalo huwashangaza wengi, neno wudhu lenyewe halimo katika Qur'ani. Aya ya sita ya Suratul Maida, ambayo ndiyo msingi wa udhu wetu, inatumia amri ya ghasala kwa uso na mikono, kisha amri ya masaha, yaani kupaka, kwa kichwa. Jina la wudhu tumelipata katika Hadithi za Mtume (S.A.W.).

Maneno haya yalifikaje huku ziwani? Hayakuletwa na upepo. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, misafara ya wafanyabiashara wa pwani ilikuwa ikipita Mumias, kwenye himaya ya Wanga, ikitafuta pembe za ndovu na njia ya kwenda Buganda. Nabongo Mumia, aliyefariki mwaka 1949, aliwapokea, na baadaye yeye mwenyewe alisilimu pamoja na watu wa nyumba yake. Kisha ikaja reli. Tarehe 20 Desemba 1901 ilifika ufuo wa ziwa, mahali Wazungu walipopaita Port Florence, Kisumu yetu ya leo. Wakati huo Kisumu ilihesabiwa kuwa upande wa Uganda, ikahamishiwa upande huu mwaka 1902. Kwa hivyo reli ilipofika hapa ilikuwa imefika Uganda kweli!

Waislamu waliokuja na reli na baada yake hawakuwa wa aina moja. Walikuwepo Waswahili wa pwani, Waarabu, Wahindi wenye maduka, na Wanubi waliotoka katika jeshi, ambao jamaa zao bado tunao Kibos. Kutoka gatini Kisumu, meli zilibeba bidhaa na watu mpaka Kendu Bay na Homa Bay, na Kendu Bay ikawa moja ya vituo vya mwanzo vya Uislamu kati ya Wajaluo. Mjaluo alikuwa na maneno yake: maji ni pi, kuchukua ni kawo, kuosha ni luoko. Alipotamka shahada hakulazimika kuyaacha. Ila maneno ya ibada aliyapokea kwa Kiswahili, na Kiswahili kilikuwa kimeyapokea kwa Kiarabu. Kila yalipobadilisha mikono yalibadilika kidogo.

Ndiyo maana mimi simlaumu kijana anayesema "nachukua udhu". Wapo wanaosema ni Kiingereza kimemwingia, kama anavyosema "chukua picha" badala ya "piga picha". Labda. Lakini fikiria vile tunavyosema mambo mengine: nina udhu, nimeshika udhu, udhu umetanguka. Kwetu udhu ni kitu mtu anachokishika mpaka kimtoke. Mwarabu husema yuko juu ya wudhu, kana kwamba amesimama juu yake. Sisi tumeushika mkononi. Kama tunaushika, basi kuuchukua si kosa la lugha.

Na jirani zetu Wakristo je? Wengi wetu hapa tuna mama, shangazi au wakwe wanaokwenda kanisani, kwa hivyo ni vizuri kujua hili. Biblia ya Kiswahili ya Union Version, iliyotoka mwaka 1952, inatumia kitenzi kutawadha katika Injili ya Yohana mlango wa 13, pale Nabii Isa anapoelezwa akiwaosha wanafunzi wake miguu. Waliotafsiri walifuata Kiswahili cha pwani cha wakati wao, ambacho tawadha ilitumika pia kwa kuosha miguu. Kwa hivyo bibi yako akikwambia neno hilo liko kwenye kitabu chake, hakudanganyi.

Sasa tufike kwenye lile kosa. Neno ni tohara.

Kwa Kiarabu twahara ni usafi: wa mwili, wa nguo, wa mahali pa kuswalia. Fungua Bulughul Maram ya Ibn Hajar al-Asqalani, kitabu cha kwanza kabisa ndani yake ni cha twahara, na utakuta kinaanza na maji. Kutahiri kwa jando, kwa Kiarabu cha vitabu, ni khitan. Lakini katika lahaja nyingi za Kiarabu, Misri na Sudan zikiwemo, watu huiita khitan kwa neno la usafi, kwa staha tu, na Kiswahili kikafuata njia hiyo hiyo. Mwishowe, mtaani ukisema tohara kila mtu anafikiri wembe.

Kwa Mombasa hilo halina madhara, maana kila mtoto wa Kiislamu huko hutahiriwa mapema. Kwa hapa ni tofauti. Jadi ya Wajaluo haikuwa kutahiri. Ilikuwa kung'oa meno sita ya chini. Kisha kati ya mwaka 2002 na 2006 ukafanyika utafiti mkubwa hapa hapa Kisumu, wanaume 2,784 wa miaka 18 hadi 24, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2007 yakaonyesha kwamba kutahiriwa kunapunguza sana uwezekano wa mwanamume kuambukizwa virusi vya ukimwi. Mwaka 2008 serikali ikaanzisha kampeni, na Nyanza ndiyo iliyolengwa zaidi. Kampeni ilikuwa na faida yake. Ila kwa lugha yetu ilimaliza kazi: neno tohara likawa ni zahanati, daktari na dawa ya ganzi, basi.

Matokeo yake ni nini? Nimekutana na ndugu zaidi ya mmoja, watu wazima, waliosilimu kwa moyo safi, wakaambiwa na rafiki tu kwamba swala haisihi bila tohara. Sentensi hiyo ni ya kweli ukiielewa kwa Kiarabu! Wao wakaielewa kwa Kiswahili cha mabango. Mmoja alikaa miezi akija msikitini, anakaa nyuma, haswali, anaona aibu kuuliza. Alikuwa akingoja siku ya kwenda hospitali. Kumbe alichotakiwa ni kuoga na kutawadha. Khitan ina mahali pake katika fiqhi, na imetajwa katika Hadithi miongoni mwa mambo ya maumbile, pamoja na kukata kucha na kupunguza masharubu. Lakini si sharti la kuingia katika Uislamu, na mtu akishatamka shahada swala imeshamlazimu, haingoji kidonda kipone. Amuulize sheikh kwa undani, bila haya.

Turudi kwa akhadha, kuchukua. Hili Kiswahili hakikulichukua kabisa, tukabaki na chukua na twaa. Hata hivyo unalisoma kila usiku bila kujua. Katika Ayatul Kursi kuna laa ta'khudhuhuu: usingizi haumchukui Mwenyezi Mungu, au kwa Kiswahili kizuri, haumshiki. Mwisho wa Suratul Baqara tunaomba Mola wetu asituchukulie kwa makosa tuliyosahau, na kitenzi ni cha mzizi huo huo. Amri yake ni khudh. Ile alifu ya mwanzo inadondoka, na wanafunzi wengi huanguka hapo kwenye mtihani.

Lililokuja kwetu ni kaka yake, qabadha, kushika kwa mkono. Nalo likageuka njiani. Sisi tukisema kukabidhi tunamaanisha kumpa mtu kitu mkononi. Kwa Kiarabu qabadha ni kukishika wewe. Kumshikisha mwenzako ni qabbadha, herufi ya kati ikikazwa. Sisi hatukazi herufi, basi kupokea na kutoa vikavaa nguo moja, na kutoa kukashinda. Watoto wa madrasa wanaoimba Majina ya Allah mara nyingi hudhani Al-Qaabidh ni Mwenye kutoa. Ni kinyume: ni Mwenye kuzuia, na Al-Baasit anayefuata ndiye Mwenye kukunjua.

Liko na lingine la kuchukua ambalo masikio huchanganya: ghasaba. Ghasala na ghasaba zimetofautiana herufi mbili: ya kati, sini na swadi, ambazo sisi hutamka karibu sawa, na ya mwisho, lamu na bee. La kwanza ni kuosha, la pili ni kunyang'anya. Wanazuoni waliyakutanisha katika suala la mtu anayetawadha kwa maji ya kunyang'anya. Katika madhehebu yetu ya Shafi, udhu wake unasihi, lakini dhambi ya kuchukua ile iko palepale. Mahanbali wanaona hata udhu hausihi. Hapa Kisumu, ambako ziwa liko mbele ya macho na bado mtu ananunua maji kwa mtungi, suala hilo si la vitabuni tu. Ukiona bomba limeunganishwa usiku bila mita, jua fiqhi ilishalizungumza.

Na kuchukua na kuosha vinakutana katika aya moja, ya 103 ya Suratut Tawba. Mtume (S.A.W.) anaamrishwa khudh, achukue sadaka katika mali zao, na sadaka hiyo iwatwaharishe. Wafasiri wanasimulia kwamba iliteremka kuhusu watu waliobaki nyuma katika safari ya Tabuk, wakajuta, wakajifunga kwenye nguzo za msikiti. Walipofunguliwa walileta mali zao, na Mtume hakuzipokea mpaka alipoamrishwa.

Neno hilo moja lilizua vita. Mtume (S.A.W.) alipofariki mwaka wa 11 Hijria, yaani 632, baadhi ya makabila yalikataa kutoa zaka. Hoja yao ilikuwa ya sarufi: khudh ni amri kwa mtu mmoja, huyo mtu amefariki, basi hakuna tena mwenye haki ya kuchukua. Sayyidna Abubakar (R.A.) hakukubali. Alisema atapigana nao hata kwa kamba ya ngamia waliyokuwa wakimpa Mtume wakamnyima yeye. Sayyidna Umar (R.A.) mwenyewe alisita mwanzoni, kisha akaona kwamba Abubakar yuko kwenye haki.

Hayo nilimweleza yule mtoto jioni nyingine, tukipima mchele wa fitra, pishi kwa pishi, na kufunga mifuko ya kupelekwa Nyalenda na Obunga. Akafikiri kidogo, akauliza: hawa tunaowapelekea ndio wanaooshwa? Nikamwambia aangalie mwisho wa kitenzi, tutwahhiruhum, "hum" ni akina nani. Akarudi nyuma kwa kidole, neno kwa neno, mpaka kwenye mali zao. "Ni wale waliochukuliwa," akasema. Kisha akaenda nyumbani kumuuliza babake kama ya kwao imeshachukuliwa.