Tanuru Dogo na Chungu Chake

Wasikilizaji wetu, katika mazungumzo yetu ya leo twataka kuwaeleza habari za tanuru dogo la kuyeyushia madini: asili yake, jinsi lichaguliwavyo, na jinsi litumiwavyo pasipo kumdhuru mtu. Huenda mwingine akasema, "Hayo ni mambo ya wahunzi, mimi mkulima yanihusu nini?" Twamjibu ya kwamba jembe alilo nalo mkononi lilitoka motoni, na sufuria apikiayo huenda ilisubiwa na fundi wa mtaani kwa alumini ya vyombo vilivyovunjika. Tena moto ule ule umpatiao kijana riziki waweza kumpofua macho kwa nukta moja. Kwa hiyo yafaa sote tujue.

Kwanza tutenge kazi mbili ambazo watu huzichanganya. Kazi ya kwanza ni kutoa madini katika mawe yake. Kazi ya pili ni kuyeyusha madini yaliyokwisha patikana, ili yamiminwe katika kalibu na kupewa umbo jipya. Kila kazi ina tanuru lake, na wazee wetu walilijua jambo hilo vema.

Tuwatazame Wafipa, wakaao kusini-magharibi ya Tanzania, kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa. Hao walijenga kwa udongo tanuru refu, wakaliita ilungu. Liliweza kufika urefu wa mita 3, na chini lilikuwa na matundu pande zote. Halikuhitaji mivukuto, kwani urefu wake ulivuta hewa wenyewe, kama dohani ivutavyo moshi. Lakini kilichotoka humo kilikuwa bonge la chuma lililochanganyika na mavi ya chuma. Basi bonge hilo lilihamishiwa katika tanuru la pili, dogo, liitwalo kintengwe, lililopulizwa kwa mivukuto. Humo chuma kilisafishwa, ndipo mhunzi akakifua kuwa jembe. Twaona basi ya kwamba Wafipa hawakusema, "Tanuru ni tanuru." Kila kazi waliipa moto wake.

Magharibi ya Ziwa Viktoria, Wahaya nao walikuwa na ustadi kama huo. Majembe ya ng'ambo yalipojaa madukani, kazi ya kutoa chuma katika mawe ilikoma. Lakini katika miaka ya 1970 wazee walioikumbuka walijenga tanuru tena mbele ya wataalamu wa mambo ya kale, kwa udongo wa kichuguu, wakatoa chuma. Udongo huo haukuchaguliwa ovyo, maana hustahimili moto kuliko udongo wa shambani.

Hata hivyo, katika matanuru ya namna hiyo kwa kawaida chuma chenyewe hakikuwa maji. Mavi yake yaliyeyuka na kutiririka, nacho chuma kikabaki bonge. Kukifanya chuma kiwe maji ndani ya chombo ni jambo jingine, nalo lahitaji chungu chenye nguvu. Mafundi wa kusini ya India na wa Sri Lanka walilijua jambo hilo tangu kale, wakayeyusha chuma cha pua katika vyungu vidogo vya udongo.

Katika Uingereza alikuwako mtengeneza saa wa mji wa Doncaster, jina lake Benjamin Huntsman, aliyezaliwa mwaka 1704. Alichoshwa na pua ya siku zile, kwa kuwa haikuwa sawasawa ndani yake: hapa ngumu, pale laini, wala haikufaa kwa kamani za saa. Yapata mwaka 1740 alihamia karibu na Sheffield, akajaribu mara nyingi kuyeyusha pua ndani ya chungu chenye kifuniko. Shida yake haikuwa moto peke yake. Shida ilikuwa udongo: ni chungu gani kitakachostahimili joto la karibu digrii 1,600 pasipo kulainika wala kupasuka? Alipopata chungu, alipata pua. Husimuliwa ya kwamba mafundi wa visu wa Sheffield waliikataa kwanza kwa ugumu wake, naye akaiuza Ufaransa. Hata visu vya Ufaransa vilipoanza kuwashinda sokoni, ndipo walipoitaka. Funzo la habari hii ni kwamba moyo wa tanuru dogo ni chungu.

Basi atakaye kuchagua tanuru asianze kwa kuuliza bei. Aulize kwanza, "Nitayeyusha nini?" Kwa kipimo cha Sentigredi, bati huyeyuka kwa digrii 232, risasi kwa 327, zinki kwa 420, alumini kwa 660, shaba nyekundu kwa 1,085, na chuma kwa 1,538. Mwenye kuanza na aanze na alumini, kwa maana joto lake hupatikana kwa makaa ya miti na mvukuto mmoja. Chuma na akiache kwa wenye viwanda.

Kisha aulize, "Chungu gani?" Kilicho bora ni chungu cha udongo uliochanganywa na grafiti, ambacho hutengenezwa makusudi kwa kazi hii. Wengi hutumia kopo la chuma kwa alumini. Lakini alumini iliyoyeyuka hula chuma polepole, hata siku moja kitako hutoboka na moto wote humwagika miguuni. Kwa shaba, kopo la chuma lisitumiwe kamwe. Kila chungu na kikaguliwe kabla ya kazi: kikigongwa kidogo, kizima hulia, chenye ufa hutoa sauti ya kufa.

Tatu, ukuta wa tanuru. Debe au pipa dogo, likipakwa ndani udongo mnene ustahimilio moto, latosha. Liachwe tundu la upepo chini kando, na kifuniko chenye tundu katikati. Kati ya chungu na ukuta iwepo nafasi ya vidole vinne ya kutia makaa. Ukuta mpya uanikwe siku nyingi, kisha uwashiwe moto mdogo kwanza, kwani maji yaliyojificha katika udongo hupasua tanuru.

Hapa twafikia jambo kubwa kuliko yote, nalo ni maji. Maji yakigeuka mvuke hutanuka zaidi ya mara 1,600. Tone moja likinaswa chini ya madini yaliyoyeyuka halina pa kutokea, basi huyarusha madini hewani kama risasi za bunduki. Kwa hiyo kalibu iwe kavu, koleo liwe kavu, na kila kipande kiongezwacho kipashwe moto kwanza ukingoni mwa tanuru. Tusimimine juu ya sakafu ya saruji, kwa kuwa saruji huficha unyevu. Tumimine juu ya mchanga mkavu. Madini yakimwagika, yafunikwe kwa mchanga huo, yasimwagiwe maji. Wala kopo lililofungwa pande zote lisitiwe motoni.

Hatari ya pili ni moshi. Wazee wa Lamu wana siwa ya shaba, baragumu kubwa la heshima, iliyosubiwa kwa ufundi wa nta: umbo hufanywa kwa nta, hufunikwa udongo, nta huyeyushwa itoke, na shaba humiminwa mahali pake. Shaba ya njano ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki. Huyeyuka kwa digrii 900 na zaidi, nayo zinki huchemka kwa digrii 907. Ndiyo sababu moshi mweupe hupanda chunguni, na fundi aliyeuvuta huweza kushikwa usiku na homa na kutetemeka. Mabati ya paa nayo yamepakwa zinki, basi yasitiwe motoni. Tena makaa yenyewe hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua katika chumba kilichofungwa. Mahali pa tanuru ni nje, na fundi asimame upepo ukimtoka mgongoni.

Risasi ni mbaya zaidi, kwani sumu yake haimwumizi fundi peke yake. Katika kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifanya kazi tangu mwaka 2007 hata 2014. Risasi ikaingia katika udongo na katika damu ya watu, watoto wakiwamo. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wanakijiji walipwe fidia. Lakini hakuna fedha iwezayo kumrudishia mtoto akili iliyoharibiwa na risasi. Kwa hiyo betri zisiyeyushwe nyumbani wala uani, hata ikiwa ni moja.

Yaliyosalia ni machache. Fundi avae miwani ya kinga, viatu vya ngozi na nguo za pamba. Nguo za nailoni huyeyuka na kugandamana na mwili. Koleo lishike chungu sawasawa, tena lijaribiwe chungu kikiwa kitupu na baridi. Watoto wakae mbali. Mtu akiungua, pamwagiwe maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha apelekwe hospitali.

Kuna wasemao, "Ajali haina kinga," wakafanya kazi miguu mitupu. Lakini wahenga hao hao walisema pia, "Tahadhari kabla ya hatari." Wafipa walichagua tanuru kwa kazi, Huntsman alitafuta chungu kabla ya kupata pua. Nasi tukifuata njia yao, tukauliza madini, kisha chungu, kisha moto, na kukausha kila kitu kabla ya kumimina, tanuru dogo litakuwa mtumishi mwema kijijini.