Siku hisa bilioni 10 zilipoingia sokoni

Mfugaji wa Arash, wilayani Ngorongoro, anajua vizuri jinsi bei inavyoporomoka. Ukame ukikaza, kila boma huswaga ng'ombe mnadani kwa wakati mmoja. Wanunuzi ni walewale, na wanajua kwamba aliyeleta mnyama aliyekonda hathubutu kurudi naye nyumbani. Wafugaji wa kaskazini mwa Tanzania waliyaona hayo katika ukame wa 2009.

Mwaka mmoja kabla, Nairobi ilipata somo hilohilo kwa upande wa hisa. Mwezi Machi 2008, Serikali ya Kenya ilianza kuuza hisa bilioni 10 za kampuni ya simu ya Safaricom, robo ya kampuni nzima, kwa shilingi 5 kila moja. Afrika Mashariki haikuwa imeshuhudia mauzo ya hisa makubwa kiasi hicho. Waombaji walipita 800,000. Wapo waliokopa benki, na wapo waliouza hisa nyingine ili wapate hizi. Maombi yalizidi mara nne ya hisa zilizokuwepo, hivyo wengi waliambulia sehemu ndogo tu.

Tarehe 9 Juni, siku ya kwanza sokoni, bei ilipita shilingi 7. Kisha wenye haraka ya faida na wenye madeni wakaanza kuuza kwa mkupuo, huku wengi ambao wangeweza kununua wakiwa wameshatumia akiba zao. Msukosuko wa fedha duniani ulipowafanya wawekezaji wa kigeni nao kuondoa mitaji, hali ikazidi kuwa mbaya. Mapema 2009, hisa ile ilikuwa chini ya shilingi 3.

Kampuni yenyewe haikuwa imeanguka. Mwaka 2021 hisa hiyohiyo ilivuka shilingi 40. Kilicholemewa ni soko: mzigo ulikuwa mkubwa, wa kuupokea wachache.

Ndiyo maana masoko hutafuta njia ya kupunguza kishindo. Soko la Hisa la Dar es Salaam, lililoanza biashara Aprili 1998 kwa hisa za kampuni ya gesi ya TOL, lina ubao wa pekee kwa mauzo makubwa ambayo pande mbili zimekwisha kupatana, yasichanganyike na ya kila siku.

Aliyeumia zaidi Nairobi ni yule aliyelazimika kuuza kwa sababu deni lilimbana, kama ukame unavyombana mfugaji. Mfugaji anayeuza ng'ombe wawili watatu mapema, malisho yangali mabichi, huuza kwa bei anayoikubali mwenyewe.