Namna ya kutoa sauti katika video za kamera bila kuiharibu

FAMILIA nyingi za mijini zimehifadhi kanda na mafaili ya video yaliyorekodiwa katika harusi, maulidi, vipaimara na mahafali. Baada ya miaka kupita, mara nyingi kinachotafutwa si picha bali sauti: nasaha za babu kwa maharusi, hotuba ya mzazi aliyekwisha kufariki, au nyimbo za kwaya iliyovunjika.

Sauti hiyo inaweza kutolewa na kuhifadhiwa peke yake. Hata hivyo, wengi huipunguzia ubora kwa kutojua kilichomo ndani ya faili.

Faili la video ni mfano wa sanduku. Ndani yake mna mkondo wa picha na mkondo wa sauti, iliyofungwa pamoja lakini haikuchanganywa. Kwa sababu hiyo, sauti inaweza kuchomolewa kama ilivyo, bila kubadilishwa chochote.

Aina ya sauti hutegemea kamera. Kamera za kanda za DV, zilizoingia sokoni mwaka 1995, hurekodi sauti isiyobanwa. Mfumo wa HDV wa mwaka 2003 hubana sauti kwa MPEG. Mfumo wa AVCHD, ulioletwa na Sony na Panasonic mwaka 2006, hutoa mafaili ya MTS ambayo kwa kawaida sauti yake ni ya Dolby Digital, yaani AC-3. Kamera zinazorekodi MP4 aghalabu hutumia AAC.

Kila sauti inapobanwa kwa mifumo ya aina hii, sehemu yake hupotea na hairudi tena. Anayegeuza AC-3 kuwa MP3 anaibana sauti mara ya pili. Kwa mziki wa ukumbini hasara hiyo huenda isisikike, lakini kwa sauti hafifu ya mzee aliyesimama mbali na kipaza sauti, maneno yanaweza kufifia zaidi.

Njia iliyo salama ni kunakili mkondo wenyewe. Programu ya bure ya FFmpeg, inayofanya kazi katika Windows, Mac na Linux, hufanya hivyo kwa amri moja:

ffmpeg -i 00001.MTS -vn -c:a copy sauti.ac3

Sehemu ya “-vn” huacha picha, na “copy” huzuia sauti isibanwe upya. Kazi huisha haraka kwa kuwa hakuna kinachogeuzwa.

Asiyependa kuandika amri anaweza kutumia VLC, ambayo ina sehemu ya kugeuza na kuhifadhi mafaili. Anayetaka kukata vipande au kupunguza kelele atumie Audacity, baada ya kuiongezea maktaba ya FFmpeg ili iweze kufungua video, kisha ahifadhi kazi yake kama WAV.

Kuhusu nafasi, saa moja ya WAV ya kilohezi 48 na biti 16 huchukua takriban megabaiti 690. AC-3 ya kilobiti 256 kwa sekunde huchukua takriban 115, na MP3 ya kilobiti 128 takriban 58. Kwa hiyo MP3 inafaa kutumiwa ndugu kwa simu, si kuwa nakala pekee ya kumbukumbu.

Yapo mambo mawili ya kuangalia. Kwanza, kamera za AVCHD hugawa rekodi ndefu katika mafaili kadhaa. Yaunganishwe kwanza ndipo sauti itolewe, la sivyo neno linaweza kukatika pale faili moja linapoishia. Pili, baadhi ya kanda za DV zilirekodiwa kwa biti 12, hali inayoruhusu jozi mbili za sauti. Programu ikichukua jozi ya kwanza tu, maelezo yaliyoongezwa baadaye katika jozi ya pili yataachwa.

Wenye kanda wana sababu ya kuharakisha. Utepe huchakaa, na kamera zinazoweza kuucheza pamoja na kompyuta zenye tundu la FireWire zinazidi kuadimika. Video ihamishwe kwanza kwenye kompyuta, sauti itolewe kama ilivyo, na nakala ziwekwe mahali pawili tofauti.

Faili la awali lisifutwe hata baada ya sauti kupatikana.